Maneno 400 ya kwanza ya Kilatini: namna ya kuyachagua, kuyaandika na kuyashika

Anayeanza Kilatini kwa kawaida hupewa orodha: rex ni mfalme, urbs ni mji, fero ni kubeba. Anaikariri wiki nzima, kisha anafungua sentensi ya kwanza na kukutana na regis, urbem na tulit. Hatambui hata moja, ingawa yote matatu ameyakariri. Kumbukumbu yake haina kasoro. Alichokosa ni kwamba alipewa nusu ya kila neno.

Msemaji wa Kiswahili analijua jambo hili tangu utotoni. Mgeni aliyejifunza jicho peke yake atapotea akisikia macho. Vivyo hivyo jino na meno, ulimi na ndimi, mwizi na wezi. Ndiyo maana kamusi zetu huweka ngeli na wingi pembeni ya neno. Kilatini ni hivyo hivyo, ila mabadiliko yake yako mwishoni mwa neno badala ya mwanzoni, na ni mengi zaidi. Kwa hiyo, kabla ya kujua maneno mangapi, jua kwanza neno zima ni lipi.

Neno zima ni lipi

Nomino huandikwa kwa vitu vitatu: umbo la mtenda (nominativi), umbo la umilikaji (genitivi), na jinsia, yaani m. kwa kiume, f. kwa kike, n. kwa isiyo ya kiume wala ya kike. Rex, regis, m. Umbo la pili ndilo lenye siri. Ondoa -is ubaki na reg-, na hapo ndipo yanapotoka maumbo mengine yote: regem, regi, rege, reges. Kwenye rex hiyo g haionekani kabisa. Angalia na haya: nox, noctis, f. (usiku), homo, hominis, m. (mtu), caput, capitis, n. (kichwa), iter, itineris, n. (safari). Nani angekisia itiner- kutoka iter?

Genitivi pia ndiyo inayokuambia neno liko kundi gani kati ya makundi 5 ya nomino. Ikiishia -ae ni kundi la kwanza, -i la pili, -is la tatu, -us la nne, -ei la tano. Usiamini mwisho wa nominativi. Servus, servi (mtumwa), corpus, corporis (mwili) na manus, manus (mkono) zote zinaishia -us, lakini ni za makundi matatu tofauti, na jinsia zake pia ni tatu tofauti: m., n., f.

Kitenzi huandikwa kwa maumbo manne. Mitto, mittere, misi, missum: ninatuma, kutuma, nilituma, na umbo la nne ambalo hutoa maana ya “kilichotumwa”. Hapa wengi hukosea mapema. Kamusi ya Kilatini haianzi na mzizi kama “tuma”, bali na nafsi ya kwanza, “ninatuma”. Ukiandika amo = kupenda, utakapokutana na amare utadhani ni neno jingine. Vitenzi vya kundi la kwanza vinafuata njia moja, -o, -are, -avi, -atum, na ukishajua kimoja umejua karibu vyote. Tahadhari ni do, dare, dedi, datum (kutoa, kupa) na sto, stare, steti, statum (kusimama). Kwingineko kariri yote manne bila huruma: ago, agere, egi, actum, capio, capere, cepi, captum, video, videre, vidi, visum, fero, ferre, tuli, latum.

Vipo vitenzi vyenye sura ya kutendwa lakini maana ya kutenda: sequor, sequi, secutus sum (kufuata), loquor, loqui, locutus sum (kusema), morior, mori, mortuus sum (kufa). Vinawasumbua wanafunzi wa mataifa mengi, ila sisi tuna vyetu. Kuelewa, kuchelewa na kulewa vina mkia wa -wa kama kupigwa, na bado anayeelewa ndiye mwenye kuelewa, hakuna aliyemfanyia kitu. Sequor iweke kapu hilo hilo.

Vivumishi: bonus, bona, bonum, fortis, forte, ingens, ingentis. Upatanisho si jambo geni kwa anayesema mtu mzuri, kitu kizuri. Linaloshangaza ni agricola bonus, mkulima mwema. Agricola linaishia -a kama maneno ya kike, mbona si bona? Kwa sababu ileile inayotufanya tuseme kiongozi mzuri, wala si kiongozi kizuri. Neno lina umbo la KI-VI, lakini mwenyewe ni mtu, na kivumishi kinamfuata mtu. Nauta (baharia) na poeta (mshairi) hufuata njia hiyo hiyo.

Kadi

Chukua karatasi ya manila ya A4, ikunje na kuikata vipande 8. Utapata kadi za sentimita 10.5 kwa 7.4, ukubwa unaotosha kuandika bila kubana. Karatasi moja ni kazi ya siku moja.

Kadi ya rex iwe hivi. Mbele: rex, regis, m. Chini yake, kwa herufi ndogo, mzizi: reg-. Nyuma: mfalme. Chini ya “mfalme” weka kipande kifupi ambamo neno limebadilika umbo, kwa mfano regem timent, wanamwogopa mfalme. Usiweke kipande chenye rex yenyewe, maana hakitakufundisha chochote kipya. Wino wa bluu kwa nomino za kiume, mwekundu kwa za kike, mweusi kwa zisizo za upande wowote. Baada ya wiki mbili utaanza kuikumbuka rangi kabla ya herufi, na jinsia itakuja yenyewe.

Alama ya mstari juu ya irabu ndefu usiiache kwenye kadi zako, ingawa humu nimeiweka kwenye mifano michache tu, na hata kama vitabu vingi huichapa kwa wanaoanza tu. Liber yenye i fupi ni kitabu, līber yenye i ndefu ni huru. Malum ni ubaya, mālum ni tofaa. Venit ni anakuja, vēnit ni alikuja. Os, ossis ni mfupa. Ōs, ōris ni kinywa.

Kila neno lisome kwa sauti. Irabu tano za Kilatini ni a, e, i, o, u zetu zilezile, na hiyo ni faida kubwa kuliko watu wanavyodhani. Kinachoponza ni mkazo. Ulimi wa Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho karibu siku zote, ilhali Kilatini, kwa maneno ya silabi tatu au zaidi, hufanya hivyo pale tu silabi hiyo inapokuwa nzito, yaani yenye irabu ndefu au inayofungwa na konsonanti. Ikiwa nyepesi, mkazo unarudi nyuma hatua moja. Ni dóminus, pópulus, agrícola. Si domínus, popúlus, agricóla.

Chagua pia matamshi ya aina moja ubaki nayo. Yapo ya Kirumi ya kale, ambamo c ni k daima na v ni kama w: Cicero ni “Kikero”, caelum (mbingu) ni “kailum”. Na yapo ya Kanisa, yanayotumika seminarini na kwenye kwaya, ambamo c kabla ya e, i na ae husikika kama ch: “Chichero”, “chelum”. Ukiwa unajifunza ili kuimba na kusali, chukua ya Kanisa. Ukiwa unajifunza kusoma waandishi wa Roma, chukua ya kale. Kuchanganya ndiko kunakoharibu, kwa sababu sikio linakuwa na maneno mawili mahali palipotakiwa moja.

Anza na maneno madogo

Mpangilio unaofaa kwa maneno 400 ni huu: viunganishi, vihusishi na vielezi karibu 60, vitenzi 110, nomino 170, vivumishi 60. Na hayo 60 madogo yaje kwanza. Hayavutii, hayana picha kichwani, lakini yako kwenye kila mstari: et (na), sed (lakini), non (si), nam na enim (kwa maana), igitur (basi), quod na quia (kwa sababu), iam (tayari, sasa), semper (daima), numquam (kamwe), ubi (wapi, pale ambapo), ad (kwenda kwa), ex (kutoka ndani ya), sine (bila), propter (kwa ajili ya).

Machache kati yake yanahitaji uangalifu wa pekee. -que hugandamana na neno la pili: senatus populusque ni “baraza na watu”, ile PQ ya SPQR iliyochongwa kwenye mawe ya Roma. Enim na autem hazianzi sentensi. Hukaa nafasi ya pili, na anayesoma neno kwa neno hujikwaa hapo. Cum ni maneno mawili kwa sura moja: likifuatwa na nomino ya ablativi (umbo linaloonyesha mahali, chombo au kinachoambatana na tendo) ni “pamoja na” (cum amico, pamoja na rafiki); likianzisha kishazi ni “wakati” au “kwa kuwa”. Tafuta ablativi karibu yake kabla ya kuamua.

Na in. Kiswahili husema naenda mjini na nipo mjini kwa -ni ileile, kitenzi ndicho kinachoonyesha kama kuna mwendo. Kilatini huonyesha kwa mwisho wa nomino: in urbem (akuzativi, umbo la mtendwa) ni kuingia mjini, in urbe (ablativi) ni kuwa mjini. Kwenye kadi ya kila kihusishi andika umbo linalofuata: ad + akuz., ex + abl., in + akuz./abl. Kihusishi bila taarifa hiyo hakijakamilika.

Sasa tahadhari ambayo mwalimu asiyejua Kiswahili hawezi kukupa. Kuna maneno ya Kilatini yanayofanana herufi kwa herufi na yetu na kumaanisha kitu kingine kabisa. Si ya Kilatini ni “ikiwa”, haikanushi chochote. Tu ni “wewe”. Ita ni “hivyo”. Ama ni amri: “penda!”. Pia ni mwanamke mcha Mungu. Na kubwa kuliko yote, vita, vitae, f. ni uhai, maisha. Vita vyetu ni bellum, belli, n. Mwanafunzi akisoma vita longa kwa haraka huona mapigano marefu, na kumbe mtu ametakiwa maisha marefu. Yaandike sita haya kwenye karatasi moja, uibandike ukutani juu ya meza ya kusomea.

Maneno unayoyajua nusu

Meza hiyo yenyewe ni mensa, mensae, f., iliyotufikia kwa mkono wa Wareno. Kwa njia hiyo hiyo zimekuja mvinyo (vinum, vini, n.), kasha (capsa), karata (charta) na padre (pater, patris, m.). Shule imepita kwa Wajerumani kutoka schola. Wakatoliki wana hazina zaidi: misa ni missa, inayotokana na lile umbo la nne la mitto hapo juu, Kwaresima ni quadragesima, “ya arobaini”, tabernakulo ni tabernaculum, ambalo kwa Mrumi lilikuwa hema, na seminari ni seminarium, kitalu cha miche, kutoka semen, seminis, n., mbegu.

Namba zipo kwenye kalenda: septem 7, octo 8, novem 9, decem 10. Septemba ni mwezi wa tisa lakini unaitwa wa saba kwa sababu mwaka wa zamani wa Kirumi ulianzia Machi. Centum 100 imo kwenye sentimita, mille 1,000 kwenye milimita.

Pengine hakuna mahali Kiswahili kinapomfaa mwanafunzi wa Kilatini kama kwenye ukoo. Vitabu vingi vya Kilatini vinafasiriwa kwa Kiingereza, na lugha hiyo ina neno moja kwa ndugu wa baba na wa mama, basi wanafunzi huambiwa patruus na avunculus ni kitu kimoja. Sivyo. Avunculus, avunculi, m. ni mjomba, kaka wa mama. Patruus, patrui, m. ni baba mdogo au baba mkubwa, yule ambaye Waswahili wa pwani humwita ami. Amita, amitae, f. ni shangazi. Matertera, materterae, f. ni mama mdogo au mama mkubwa. Warumi waliwatenganisha hawa kama tunavyowatenganisha sisi, na haikuwa maneno matupu: kwenye fasihi yao patruus ndiye mkali anayekaripia. Kadi zako za ukoo ziandike moja kwa moja kutoka Kilatini hadi Kiswahili, bila kupitia Kiingereza. Ongeza socer, soceri, m. (baba mkwe), socrus, socrus, f. (mama mkwe) na nepos, nepotis, m. (mjukuu).

Familia, kinyume chake, inadanganya. Kwa Mrumi ilikuwa nyumba nzima iliyo chini ya mamlaka ya bwana mmoja, watumwa wakiwemo. Mara nyingi neno hilo linawataja watumwa hasa. Studium si masomo, ni bidii na hamu. Virtus, virtutis, f. inatoka kwa vir, mwanamume, na maana yake ya kwanza ni ushujaa.

Maneno yenye maana nyingi usiyakariri kwa orodha ndefu. Tafuta kiini. Peto ni kulielekea jambo ukilitaka, ndiyo maana ni kuomba, kutafuta, na pia kushambulia. Altus ni umbali wa juu au chini, kwa hiyo mlima ni altus na bahari pia ni altum. Res, rei, f. ni “jambo” letu, na hutanuka kama linavyotanuka jambo: kitu, mali, kesi, hali.

Yapo yenye wingi tu, kama maji na mafuta yetu yasivyo na umoja: arma, armorum, n. (silaha) na castra, castrorum, n. (kambi, hata ikiwa moja). Mengine hubadili maana yakiwa wingi: littera ni herufi, litterae ni barua, copia ni wingi wa kitu, copiae ni majeshi. Na ukiona -a mwishoni usikimbilie kike. Bella ni wingi wa bellum.

Ratiba

Maneno mapya 8 kwa siku, siku 5 kwa wiki, siku 2 za marudio matupu. Wiki 10 zinatoa 400 na karatasi 50 za manila. Tafuta bahasha tatu. Kadi mpya inaingia ya kwanza, inayopitiwa kila siku. Ukiijibu sawasawa siku tatu mfululizo, inahamia ya pili, inayofunguliwa kila baada ya siku tatu. Ikipita huko mara mbili, inahamia ya tatu, ya kila wiki. Ukikosea, hata genitivi tu, kadi inarudi ya kwanza. Usijihurumie hapo, “nilijua maana, nimesahau mwisho tu” ni kosa kamili.

Siku za marudio geuza kadi: soma Kiswahili, andika Kilatini chote, maumbo yote. Kutambua ni rahisi kuliko kutoa, na kadi inayosomwa upande mmoja hudanganya.

Karibu wiki ya nne bahasha ya kwanza hufura. Kadi zinazorudi zinazidi mpya, kikao cha dakika 20 kinakuwa saa nzima, na hapo ndipo wengi huacha. Simamisha maneno mapya siku 3 au 4, maliza mrundikano, kisha endelea. Chunguza pia kadi zinazorudi kila mara. Aghalabu ni jozi zinazofanana zilizojifunzwa siku moja: iaceo (kulala chini) na iacio (kutupa), servo, servare (kulinda) na servio, servire (kutumikia), na mkusanyiko mbaya kuliko yote wa vici, vixi, vinxi, ambazo ni nilishinda, niliishi, nilifunga. Jifunze kimoja, acha kitulie wiki mbili, ndipo ulete mwenzake. Orodha ya alfabeti ni mbaya kwa sababu hiyo hiyo: inawaweka pacha pamoja.

Kuanzia wiki ya pili soma angalau sentensi tano kila siku. Mfano: Avunculus regis servo panem dedit. Anza na kitenzi. Dedit linatoka kwenye umbo la tatu la do, yaani dedi, na -it ni yeye: alitoa, alimpa. Nani? Avunculus, mjomba. Regis, wa mfalme. Servo, kwa mtumwa. Ile m ya “alimpa” Kilatini kimeiweka kwenye -o. Panem, mkate, wenye -em ya mtendwa. Mjomba wa mfalme alimpa mtumwa mkate. Ukiandika Panem servo dedit avunculus regis, maana haibadiliki, ni mkazo tu umehama. Asiyejua rex, regis angesimama kwenye neno la pili.

Neno lisilo kwenye kadi zako litafute kwa utaratibu. Kama ni kitenzi kigeni kabisa kama tulit, programu ya Whitaker's Words au zana za Perseus mtandaoni hutaja mzizi wake. Kwa kuongeza msamiati baada ya 400, Chuo cha Dickinson huko Pennsylvania kimeweka orodha ya maneno takriban 1,000 yanayotokea mara nyingi zaidi. Kamusi ikikataa, jaribu tahajia nyingine: iam huandikwa pia jam, na u na v hubadilishana. Viambishi vya mwanzo navyo huyeyuka kwenye herufi inayofuata: affero iko chini ya adfero katika baadhi ya kamusi, na abstuli ni aufero.